Mtafiti wa Mitishamba Akibisha Hodi: Mambo ya Kujua Kabla ya Kumwonyesha Mti

Huenda umewahi kuwaona. Ni vijana wawili au watatu, mikoba mgongoni na karatasi za maswali mkononi, wanashuka kwenye bodaboda na kuulizia nyumba ya mzee anayejulikana kwa dawa za mitishamba. Wanasema ni wanafunzi wa chuo kikuu. Mzee anawakaribisha, anawapa maji ya kunywa, kisha anawapeleka nyuma ya nyumba na kuwaonyesha: mti huu mizizi yake ni ya tumbo, ule magome yake ni ya kifua, yale majani ni ya homa. Wanaandika, wanapiga picha, wanachuma majani kidogo, wanashukuru na kuondoka.

Mwaka unaofuata wanakuja wengine kutoka chuo kingine, na maswali ni yale yale. Wale wa kwanza hawajarudi. Mzee hajui kama dawa yake ilipatikana kuwa nzuri, kuwa na madhara, au kuwa haina nguvu yoyote. Siku moja mzee anafariki. Aliyoyajua yanabaki vipande vipande katika tasnifu zilizopangwa kwenye rafu za maktaba, ambazo jamaa zake hawatawahi kuzifungua.

Hali hii haimfaidi mtu. Mwanafunzi anapata shahada lakini hakuna dawa inayopatikana. Mganga anatoa siri ya ukoo na hapewi jibu. Mgonjwa anaendelea kunywa dawa bila kujua kipimo chake wala hatari zake. Makala haya yanaeleza utafiti mzuri wa tiba asili unavyofanyika, kwa nini tafiti nyingi za vyuoni haziendi mbali, na haki ulizo nazo wewe mkaazi wa Kilifi mtafiti anapofika mlangoni pako.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Pwani yetu ni tajiri kwa mimea. Misitu ya kaya za Wamijikenda, ambayo UNESCO iliiweka katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, imetapakaa katika eneo la takriban kilomita 200 kandokando ya pwani, na kadhaa kati ya kaya hizo ziko katika kaunti hii, kuanzia Kauma na Jibana hadi Kambe na Rabai. Misitu hiyo haikubaki kwa bahati. Wazee waliweka miiko juu ya kukata miti, na miiko hiyo ikalinda mimea ambayo kwingineko imekwisha. Pamoja na miti, yamehifadhiwa maarifa ya matumizi yake.

Wakati huo huo, familia nyingi hutumia mitishamba na dawa za hospitali bega kwa bega. Mtoto akipata homa huogeshwa kwa majani jioni, na asubuhi hupelekwa zahanati. Hakuna ubaya wa kujivunia tiba ya mababu, lakini mtu mwenye busara hujiuliza: dawa hii inaponya kweli? Kiasi gani kinatosha? Kiasi gani kinadhuru? Je, inagombana na vidonge vya presha au vya kupunguza makali ya virusi vya ukimwi ambavyo mama anameza kila siku? Maswali haya hayajibiwi kwa imani wala kwa dharau. Hujibiwa kwa utafiti.

Serikali nayo imelitambua jambo hili. Kifungu cha 11 cha Katiba kinatambua nafasi ya sayansi na teknolojia za kiasili katika maendeleo ya taifa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ina sehemu nzima inayohusu tiba asili na tiba mbadala, ikiwa ni pamoja na kuwekwa kwa chombo cha kuisimamia na utaratibu wa waganga kuwaelekeza wagonjwa kwenye vituo vya afya.

Fundisho la Uchina: siri ilikuwa katika kutayarisha

Dawa ya mseto ya malaria tunayopewa katika zahanati zetu ina kiungo kinachotokana na atemisinini. Atemisinini ilitoka katika mmea uliotumiwa na waganga wa Kichina kwa karne nyingi, Artemisia annua, na ilipatikana katika taasisi ya tiba asili.

Mwaka 1969, mtafiti Tu Youyou wa Chuo cha Tiba ya Jadi ya Kichina mjini Beijing alipewa kazi ya kutafuta dawa mpya ya malaria, kwa kuwa klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa. Yeye na wenzake walipekua vitabu vya kale na kuwahoji waganga, wakakusanya maelezo ya dawa zaidi ya 2,000. Artemisia ilikuwa mojawapo, lakini majaribio yake yalikuwa yakibadilika: leo imefaulu, kesho imeshindwa.

Jibu lilipatikana katika maandishi ya tabibu Ge Hong, aliyeishi karne ya 4. Yeye hakuandika tu kwamba mmea huo unatibu homa. Aliandika namna ya kuutayarisha: uloweke katika maji, uukamue, unywe maji yake. Hakutaja kuuchemsha. Tu Youyou akatambua kwamba huenda moto ndio uliokuwa ukiharibu dawa. Alipokamua dawa kwa njia isiyohitaji joto kali, sampuli nambari 191 iliangamiza vimelea vyote vya malaria katika wanyama wa maabara. Hiyo ilikuwa mwaka 1971. Kabla ya kuwapa wagonjwa, yeye na wenzake waliinywa wenyewe ili kuhakikisha usalama wake. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Tuzingatie jambo moja hapa. Kama Ge Hong angeandika jina la mmea na ugonjwa tu, kama karatasi nyingi za maswali zinavyotaka leo, dawa hiyo pengine isingepatikana. Kilichookoa maisha ya watu ni maelezo yanayoonekana madogo: kuloweka, si kuchemsha. Mzee wa Ganze au Magarini anaposema mzizi huu uchimbwe kabla ya mvua, au majani haya yapondwe mabichi na yasipigwe jua, hapaswi kukatizwa ili mtafiti aende kwenye swali linalofuata. Huenda dawa yenyewe imo katika maelezo hayo.

Mambo manne yanayoharibu utafiti wa vyuoni

La kwanza ni jina la mti. Mti mmoja huwa na majina mengi, na jina moja hubeba miti mingi. Mwarobaini, kwa mfano, huitwa pia mkilifi. Tena uko mti wa jamii yake, Melia azedarach, unaopandwa kwa kivuli na kufanana nao kwa majani, lakini matunda yake yana sumu. Mwanafunzi akiandika jina la kienyeji pekee, anayesoma kazi yake mjini Eldoret hatajua ni mti gani hasa.

Kosa la namna hii limewahi kugharimu uhai. Mapema miaka ya 1990, wanawake zaidi ya 100 waliokuwa wakitumia dawa za mitishamba za kupunguza unene katika jiji la Brussels, Ubelgiji, waliharibika figo. Uchunguzi ulionyesha kwamba mmea mmoja wa Kichina ulikuwa umebadilishwa na mwingine wa jamii ya Aristolochia kwa sababu majina yake ya Kichina yanakaribiana. Mmea huo wa pili una sumu inayoua figo na kusababisha saratani. Baadhi ya wanawake hao walilazimika kuwekewa figo nyingine.

Dawa ya tatizo hili ni rahisi na haihitaji fedha nyingi. Mtafiti huchukua tawi lenye majani, na maua au matunda kama yapo, akalikausha kati ya magazeti na kuliandikia mahali na tarehe lilipochumwa. Kisha kielelezo hicho hupelekwa kwa wataalamu wa mimea, kama wale wa Hebaria ya Afrika Mashariki katika Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi, ambako vielelezo vya mimea ya eneo letu vimehifadhiwa. Kazi isiyo na kielelezo ni kama hati ya shamba isiyo na ramani.

La pili ni kipimo. Mganga hupima kwa konzi, kwa kikombe, au kwa vidole vitatu vya gome. Mtafiti makini hupima konzi hiyo kwa mizani, mara kadhaa, na kuuliza maji yalikuwa kiasi gani, yalichemka kwa muda gani, na mgonjwa alikunywa kwa siku ngapi. Nguvu ya mmea pia hubadilika kulingana na udongo, msimu na umri wa mti. Asiyeandika haya hawezi kuirudia dawa, na kazi isiyoweza kurudiwa na mtu mwingine haihesabiki kuwa sayansi.

La tatu ni kukwama maabarani. Tasnifu nyingi huishia kwa sentensi kwamba mmea fulani "umeua vimelea" katika kisahani cha maabara. Jambo hilo ni mwanzo tu. Hata jiki huua vimelea katika kisahani, na hakuna anayeinywa. Dawa inapoingia mwilini hupita tumboni, ini huibadilisha, na kiasi kidogo tu ndicho hufika penye ugonjwa. Mara nyingine kiasi kilichotumika maabarani ni kikubwa mno hivi kwamba mtu angelazimika kunywa ndoo nzima ili apate nguvu hiyo. Kwa hiyo ukisikia redioni kwamba wanasayansi wamegundua mti unaotibu saratani, uliza kwanza: umetibu watu, panya, au kisahani?

La nne ni kutofuatilia wagonjwa. Magonjwa mengi hupona yenyewe. Mafua huisha baada ya wiki moja, uwe umekunywa dawa au hukunywa. Ndiyo maana utafiti mzuri huwa na kundi la kulinganishia: wagonjwa wanaopewa dawa inayochunguzwa na wengine wanaopewa dawa ya kawaida, kisha makundi yote mawili yanafuatiliwa kwa njia ile ile. Bila kulinganisha, hatuwezi kujua kilichoponya ni mti au ni siku zilizopita.

Mali walianzia kijijini

Nchini Mali, Afrika Magharibi, idara ya serikali ya tiba asili mjini Bamako, ikishirikiana na watafiti wa nje, ilifuata njia tofauti. Badala ya kuanza na maabara, walianza kwa kutembelea familia vijijini na kuuliza swali la kawaida: mtoto wako alipougua malaria mara ya mwisho, ulimpa nini, na ikawaje? Hawakuuliza tu mti upi unajulikana kuwa dawa. Waliuliza matokeo. Mimea 66 ilitajwa. Walipolinganisha majibu, mmea mmoja, Argemone mexicana, ulijitokeza kwamba waliokunywa maji yake walipona zaidi.

Hapo ndipo walipokwenda kumwona mganga aliyeutumia, wakaangalia anavyoutayarisha, wakapima vipimo mbalimbali kwa wagonjwa huku wakiwachunguza kwa ukaribu. Mwishowe wagonjwa 301 waligawanywa makundi mawili: wengine walikunywa maji ya mmea huo na wengine walipewa dawa ya mseto. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Wengi katika makundi yote mawili hawakuhitaji dawa ya pili, na waliozidiwa na malaria kali walikuwa wachache pande zote. Watafiti hawakuficha upungufu: mmea huo haukumaliza vimelea vyote mwilini kama dawa ya mseto inavyofanya.

Mkaazi asichukue habari hii kama ruhusa ya kuuchuma mmea huo, ambao hata hapa Kenya huota kama kwekwe na una miiba na maua ya manjano. Mbegu zake zina sumu. Mafuta ya mbegu hizo yalipochanganywa na mafuta ya kupikia, yaliua watu jijini Delhi, India, mwaka 1998. Kwetu sisi, mtu mwenye homa anafaa kwenda kupimwa malaria kituoni na kumaliza dozi ya dawa ya mseto aliyopewa. Fundisho la Mali ni juu ya njia ya utafiti: anza na wagonjwa, waulize walivyopona, fuata njia ya mganga mwenyewe, linganisha, kisha sema ukweli wote, mzuri na mbaya.

Vyuo vinavyofundisha tiba hii

Baadhi ya nchi zimeipa tiba asili nafasi kamili chuoni. Uchina ilifungua vyuo vinne vya tiba ya jadi mwaka 1956, katika miji ya Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu. Ghana ilianzisha kituo cha utafiti wa mimea ya dawa huko Mampong-Akuapem mwaka 1975, na tangu mwaka 2001 Chuo Kikuu cha KNUST mjini Kumasi kimekuwa kikitoa shahada ya tiba ya mitishamba. Wahitimu wake hufanya kazi hata katika vitengo vya mitishamba vya baadhi ya hospitali za umma. Jirani zetu Tanzania wana Taasisi ya Tiba Asili katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974.

Hapa Kenya, utafiti huu umegawanyika. Taasisi ya Utafiti wa Matibabu, KEMRI, ina kituo chake cha tiba asili na dawa. Idara za famasia, kemia na mimea katika vyuo vikuu hufanya sehemu nyingine, na Makavazi ya Kitaifa huhifadhi vielelezo. Bodi ya Famasia na Sumu ndiyo husajili bidhaa za mitishamba zinazouzwa kama dawa. Kila mmoja ana kipande chake. Mkemia huchunguza gome bila kumjua mgonjwa, na daktari humwona mgonjwa bila kulijua gome. Vyuo vikitaka kuboresha kazi hii, jambo la kwanza ni kuviweka vipande hivi pamoja: mganga, mtaalamu wa mimea, mkemia, daktari na mtaalamu wa takwimu wakae meza moja tangu siku ya kwanza. La pili ni wanafunzi kuendeleza kazi ya waliowatangulia. Anayekuja mwaka huu asome kwanza yaliyoandikwa mwaka jana, kisha aanzie pale mwenzake alipoishia. Orodha ya kumi ya miti ile ile haiongezi kitu.

La tatu ni kurudi. Matokeo yawe mazuri au mabaya, mganga na kijiji chake wanastahili kuyasikia kwa lugha wanayoielewa. Dawa ikipatikana kuwa na sumu ya ini, wa kwanza kuambiwa hawafai kuwa wasomaji wa jarida la ng'ambo, bali wale wanaoinywa.

Maarifa ni mali

Waganga wengi husita kusema wanayoyajua, na hofu yao ina msingi. Watu wa jamii ya San wa kusini mwa Afrika walikuwa wakitafuna mmea wa Hoodia ili kuzuia njaa na kiu wakiwa mawindoni. Katika miaka ya 1990, taasisi ya utafiti ya serikali ya Afrika Kusini, CSIR, ilichukua hataza ya kemikali za mmea huo na kuuza haki ya kuzitumia kwa kampuni ya Uingereza, ili itengenezwe dawa ya kupunguza unene. Jamii ya San haikushirikishwa. Baada ya malalamiko, mkataba ulitiwa sahihi mwaka 2003 wa kuwapa San asilimia 6 ya mrabaha ambao CSIR ingepata. Dawa yenyewe haikufika sokoni kama ilivyotarajiwa, lakini kanuni ilisimama: aliyetoa maarifa ana fungu lake.

Kenya ina sheria za kuzuia jambo kama hilo. Kifungu cha 69 cha Katiba kinaitaka Serikali ilinde haki za ubunifu na maarifa asilia ya jamii kuhusu viumbe na mimea. Kanuni za mazingira za mwaka 2006 zinamtaka anayetafuta rasilimali za kijenetiki, kwa mfano mimea ya kuchunguzwa ili kutengeneza dawa, apate kibali cha NEMA na ridhaa ya wenyeji kabla ya kuzichukua, na kuwe na makubaliano ya kugawana manufaa. Kenya pia imeridhia Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kugawana manufaa ulioanza kutumika mwaka 2014.

Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Kitamaduni ya mwaka 2016 inazigusa kaunti moja kwa moja. Inazipa serikali za kaunti jukumu la kuweka rejista ya maarifa ya jadi ya jamii zilizomo ndani ya mipaka yake. Ni vyema kuelewa kwamba maarifa yenu yanalindwa hata kama hayajasajiliwa. Faida ya rejista ni ushahidi: mzozo ukitokea kesho, kuna maandishi yanayoonyesha jamii ipi ilikuwa na maarifa hayo.

Maswali ya kumuuliza mtafiti

Mtafiti mwema hatachukizwa na maswali. Kabla ya kujibu lolote au kumwonyesha mti, uliza haya:

1. Leseni yako ya utafiti kutoka NACOSTI iko wapi? Kila anayefanya utafiti nchini, awe Mkenya au mgeni, anahitaji leseni hiyo. Ina jina lake, mada, kaunti na tarehe ya kuisha, pamoja na msimbo unaoweza kuusoma kwa simu ili kuhakikisha si bandia.

2. Umejitambulisha kwa wakuu wa kaunti? Leseni inamtaka mtafiti kuwajulisha Kamishna wa Kaunti, Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti na ofisi ya Gavana kabla ya kuanza. Chifu au naibu wake anaweza kukusaidia kuthibitisha.

3. Kamati gani ya maadili imepitisha utafiti wako? Omba uone barua.

4. Fomu ya ridhaa iko katika lugha ninayoielewa? Usitie sahihi wala kidole gumba kwenye karatasi ya lugha usiyoijua. Isomwe kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama, na wewe ubaki na nakala.

5. Je, naweza kukataa, au kuacha katikati? Jibu ni ndiyo, na hupaswi kuadhibiwa wala kunyimwa huduma kwa hilo.

6. Utachukua sehemu gani ya mmea, kiasi gani, na utaipeleka wapi? Kama ni nje ya nchi au kwa kampuni, uliza kuhusu kibali cha NEMA na makubaliano ya manufaa.

7. Jina langu litaandikwa? Una haki ya kutajwa kama mwenye maarifa, na una haki ya kutotajwa. Chaguo ni lako.

8. Utarudi lini kutuambia ulichopata? Anayepewa leseni hutakiwa kuwasilisha ripoti yake kwa NACOSTI ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza kazi. Mwambie na kijiji kinangoja yake.

Maarifa mengine si ya mtu mmoja. Kama mti uko ndani ya kaya, au dawa ni ya ukoo, mtu mmoja hana mamlaka ya kuitoa. Wazee wa kaya na jamaa wahusishwe kwanza, na miiko ya mahali iheshimiwe.

Sehemu yako

Kama wewe ni mganga wa mitishamba, weka daftari. Andika tarehe, umri wa mgonjwa, dalili zake, dawa uliyompa, kiasi, na hali yake aliporudi. Kama huandiki, mjukuu aliye shuleni anaweza kukuandikia. Waandike pia wasiopona, kwa sababu hao ndio hufundisha zaidi. Daftari hilo ni lako, na linaweza kufungiwa sandukuni. Siku mtafiti wa kweli atakapokuja, utakuwa mshirika mwenye ushahidi, hutakuwa mtu wa kuulizwa tu. Mgonjwa aliyezidiwa, hasa mtoto mchanga, mama mjamzito au mtu aliyepoteza fahamu, mwelekeze hospitalini bila kuchelewa.

Kama wewe ni mgonjwa, mwambie daktari au muuguzi dawa zote ulizokunywa, za dukani na za mitini. Usiogope kukaripiwa. Dawa mbili zinaweza kuwa salama kila moja peke yake na kuwa hatari zikikutana.

Kama unachimba dawa, kumbuka mti wenyewe. Anayetoboa mzizi mkuu au kumenya gome mti mzima ameuua. Chukua mizizi ya pembeni, menya upande mmoja tu na uache gome lijirudie, na panda miche nyumbani pale inapowezekana. Hakuna utafiti utakaofanywa juu ya mti uliokwisha.

Na kama wewe ni mwanafunzi wa kaunti hii unayetafuta mada ya tasnifu, anza karibu. Una kitu ambacho mgeni hana: unajua lugha ya bibi yako, na bibi anakuamini. Mpimie konzi yake kwa mizani. Bonyeza tawi lake katika gazeti. Muulize aliopona na wasiopona. Kisha ukimaliza masomo, kabla ya kuning'iniza shahada ukutani, rudi uketi naye umsomee ulichopata.

Kila tarehe 31 Agosti, bara letu huadhimisha Siku ya Tiba Asili ya Afrika. Ni siku nzuri ya kuuliza katika ofisi ya utamaduni au ya afya iliyo karibu nawe kuhusu usajili wa waganga na rejista ya maarifa ya jadi. Lakini si lazima usubiri Agosti. Mtafiti anaweza kubisha hodi kesho asubuhi. Mkaribishe, mpe maji, kisha umwombe leseni.